Nilianzia kwenye riadha, si kwenye dabi

Mhariri wangu wa kwanza hakuniuliza nilisoma chuo gani. Aliniuliza kama najua kupima muda wa mbio, kisha akanituma kwenye mashindano ya riadha ya shule. Nilinuna. Diploma ya uandishi wa habari nilikuwa nayo, na kichwani mlikuwa na kitu kimoja tu: dabi ya Kariakoo.

Kumbe dabi ina foleni yake. Kila mhitimu anayetua kwenye dawati la michezo Dar es Salaam anazitaka Simba na Yanga, na waliomtangulia wana namba za viongozi na makocha tangu yeye yuko sekondari. Mkataba wa kurusha matangazo kati ya Azam TV na shirikisho la soka, TFF, wa mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, uliiongezea Ligi Kuu Bara kamera na wachambuzi, lakini macho ya wengi yamebaki kwa vigogo walewale. Ukifika pale ukiwa mtu wa hamsini, utaandika walichokwisha kuandika arobaini na tisa.

Riadha haikuwa na foleni. Nikaanza daftari: muda wa kila mkimbiaji, anafanyia wapi mazoezi, nani anamnunulia viatu. Nikamsoma Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500, 3:32.2, Christchurch mwaka 1974. Nikamwandika Alphonce Simbu, shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia, London 2017.

Septemba 15, 2025, usiku wa manane kwa saa zetu, Simbu akampita Mjerumani Amanal Petros mwishoni kabisa mwa marathoni mjini Tokyo. Wote waliandikiwa 2:09:48, tofauti ikiwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kulipokucha nchi nzima ilitaka kujua habari zake. Mwenye daftari hakuwa na haja ya kuanza kutafuta namba za simu.

Kwa hiyo anayeanza achague mchezo usiogombaniwa: netiboli, ngumi, Ligi ya Championship, soka la wanawake. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022; aliyekuwa akiwafuata tangu mechi zisizo na watazamaji alikuwa na habari ya wiki nzima.

Ufundi wenyewe chuo hakiumalizi. Mechi ya usiku ikiisha, ukurasa unakusubiri, na mhariri hana subira. Anza kuandika dakika ya 70, aya ya kwanza uiache wazi. Mimi niliwahi kutuma ushindi wa 1-0 dakika ya 88. Mechi ikaisha 1-1, na sitaki kukumbuka simu niliyopigiwa.

Pesa? Mwandishi asiyeajiriwa mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa jasho. Ndipo bahasha zinapokuja. Klabu ikikulipia nauli leo, kesho kalamu inaona haya. Wapo waliovuka upande wa pili waziwazi: Ahmed Ally na Ali Kamwe walitoka Azam TV, mmoja akawa msemaji wa Simba, mwingine wa Yanga. Ni kazi halali, na wanaiweza, ila ni kazi nyingine. Huko unalipwa ili timu ipendeze.

Ithibati nayo isidharauliwe. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe nayo, na mlinzi wa getini huitazama hiyo, hajali umeandika nini.

Dabi yangu ya kwanza niliipata mwaka wa tatu, mwenzangu alipougua ghafla. Nilikaa jukwaa la waandishi Uwanja wa Benjamin Mkapa, kelele zikinipasua masikio. Dakika ya 70 nikafungua kompyuta. Aya ya kwanza nikaiacha wazi.