Jino la Kupandikizwa Haliozi, Lakini Ufizi Wake Huugua

Siku hizi si ajabu kukutana Chake Chake au Wete na mtu mwenye jino la kupandikizwa. Wengi wao wamelipatia nje ya kisiwa. Mmoja aliitwa na mwanawe Muscat akatibiwa huko, mwingine alivuka kwenda Dar es Salaam au Mombasa baada ya jamaa kuchanga. Mtu huyo hurudi nyumbani na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kiarabu, nayo karatasi huwekwa kabatini. Baada ya mwaka mmoja au miwili ufizi unaanza kuvimba, na daktari aliyelipandikiza jino yuko ng'ambo ya bahari.

Somo hili tumemwandikia mtu huyo, pamoja na wale wa nyumbani kwake wanaomtunza. Jirani asiye na jino la namna hiyo naye asome, maana ufizi wake unaugua kwa sababu zile zile.

Ni jino la namna gani?

Jino la kupandikizwa lina sehemu mbili. Chini kuna skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titaniamu, ambayo daktari huitia ndani ya mfupa wa taya. Mfupa huishika polepole, mara nyingi kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Baada ya hapo hufungwa jino la bandia juu yake. Tabia hii ya mfupa kuishika titaniamu iligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura, akakuta hawezi kukitoa chombo cha titaniamu alichokiweka, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekwisha kukishika. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa huyo alibaki na meno yake hadi alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo jino hili linaweza kudumu sana. Lakini watu wengi wakisikia kwamba halitoboki wala haliozi, hudhani kuwa halihitaji kusafishwa. Hilo ni kosa kubwa. Jino la asili limeshikwa na ufizi kwa nyuzi ndogo zilizoingia ndani ya mzizi wake. Skrubu haina nyuzi kama hizo. Ufizi unaizunguka tu, kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Uchafu ukipenya kwenye kola hiyo, unafika kwenye mfupa kwa urahisi zaidi kuliko kwenye jino la asili.

Ugonjwa unavyoanza

Kila siku utando laini wa vijidudu hujijenga juu ya meno. Usipoondolewa, hugeuka kuwa ukoga mgumu usiotoka kwa mswaki. Vijidudu hivyo huuchokoza ufizi, ukawa mwekundu, ukavimba, na kutoa damu unapoguswa. Katika hatua hii mfupa bado mzima, na usafi mzuri unaweza kuuponya ufizi kabisa.

Ukiachwa, ugonjwa huweza kushuka hadi kwenye mfupa. Usaha hutoka, ufizi unarudi chini, nyuzi za skrubu zinaanza kuonekana. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, na mwisho wake skrubu hulegea. Jambo la hatari ni kwamba mara nyingi haya yote hutokea bila maumivu makali. Mtu akingoja mpaka jino limuume, huenda akawa amechelewa.

Tunasisitiza jambo moja hapa, kwa sababu tunalisikia mara kwa mara: “Ufizi ulikuwa unatoka damu, nikaacha kupiga mswaki ili upone.” Usiache! Damu ni dalili kwamba mahali hapo pana uchafu. Safisha taratibu, kwa mswaki laini, hata kama damu inatoka. Kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Isipokoma kwa wiki mbili, nenda ukaonwe.

Kusafisha kila siku

Tumia mswaki laini wa dukani na dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili. Ulaze mswaki ili ncha zake zielekee kwenye mpaka wa ufizi na jino, uuchezeshe kidogo kidogo. Usisugue kwa nguvu kama unayesugua sufuria. Upande wa ndani, unaotazama ulimi, ndio husahauliwa na watu wengi.

Mswaki hauingii katikati ya meno, na huko ndiko nyuzi za embe na nyama ya pweza hukaa. Tumia uzi wa meno, au ile miswaki midogo sana yenye umbo la brashi ya kusafishia chupa. Uzi uzungushe kwenye shingo ya jino lililopandikizwa, uuvute huku na huku polepole. Pini, ncha ya kisu na waya visitumike kamwe, kwa kuwa hukwaruza skrubu na uchafu hupata mahali pa kushika. Mchanga, jivu na mkaa wa kusaga navyo tuviache.

Je, mswaki wa mti? Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali unapopatikana, nasi hatuoni sababu ya kuwakataza wazee wetu. Tafuna ncha mpaka iwe laini, piga kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na ncha ikichakaa ikate. Ncha ngumu hujeruhi ufizi. Hata hivyo, kwa jino la kupandikizwa mswaki wa mti peke yake hautoshi, kwa kuwa si rahisi kuufikisha nyuma na upande wa ndani.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango. Wengi Pemba hufuata madhehebu ya Shafi, na humo ni karaha kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya adhuhuri. Kinywa nacho hukauka mchana, na mate yakipungua vijidudu hushamiri. Basi usafi mkubwa ufanywe usiku: baada ya futari na tende zake kabla ya kulala, na tena baada ya daku kabla ya alfajiri. Anayelala baada ya daku bila kusafisha anauacha uchafu mdomoni mchana kutwa.

Tambuu, sigara na mafuta ya karafuu

Mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza jino la kupandikizwa, vivyo hivyo mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Tambuu nayo si ya kuchezea. Chokaa huunguza ufizi, na makombo ya popoo hujikusanya shingoni mwa jino. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa ripoti kwamba popoo lenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Tunajua kuwa tambuu ni heshima ya mgeni na ya harusi, na kuiacha si rahisi kwa bibi aliyeizoea tangu usichana. Lakini ni bora aambiwe.

Kuhusu karafuu, kisiwa chetu kina dawa yenye sifa duniani. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hufanya ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na zinki kuziba jino kwa muda. Lakini yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ufizi, na ganzi yake huficha ugonjwa bila kuuponya. Kwa ufizi uliovimba, kusukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ni salama zaidi, wakati unapojiandaa kwenda hospitali.

Angalau mara moja kwa mwaka, na ikiwezekana kila baada ya miezi sita, aliyepandikizwa jino aonwe na daktari wa meno. Aende na ile karatasi iliyoko kabatini, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha aina ya skrubu. Daktari asiyeijua aina yake hupata taabu hata kukaza kijiskrubu kilicholegea. Ukihisi jino linacheza, usilitafunie wala usijaribu kulikaza mwenyewe.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Leteni kioo kidogo na tochi. Kila mmoja atazame ufizi wake mwenyewe: ni wa rangi gani, umevimba, unatoka damu ukisuguliwa taratibu kwa mswaki? Katika nyumba yenu, nani anamsaidia mzee ambaye mikono yake haina nguvu tena ya kushika mswaki? Na mtu wa familia akitaka kupandikizwa jino nje ya kisiwa, nani atamwona akirudi, na nauli ya safari hizo imo katika mchango?