Kibao Kinasomeka, Majina Yamepotea

Somo la wiki: Yoshua 4:1–7

Wangapi wetu tumepita Nanyuki tukasimama kupiga picha kwenye kibao cha ikweta? Unataka watu wa nyumbani waone kwamba kweli ulifika.

Wamarekani wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa hivyo hivyo wakivuka milima kwa gari. Chukua Loveland Pass, kule Colorado, mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima kwenye kimo cha futi 11,990. Maji ya upande mmoja huelekea bahari ya Pasifiki, ya upande wa pili Atlantiki. Kabla handaki la Eisenhower halijafunguliwa mwaka 1973, magari yalipanda mpaka huko juu, kona baada ya kona. Ukifika salama unashuka, familia inasimama kando ya kibao, picha inapigwa.

Nyingi zilikuwa slaidi, yaani kipande cha filamu ya rangi ndani ya fremu ndogo ya kadibodi. Ukikitia kwenye projekta, picha inatokea kubwa ukutani. Filamu ya Kodachrome ikitunzwa gizani, rangi yake hudumu miaka mingi sana.

Rangi imedumu, lakini wenyewe wameondoka. Leo slaidi hizo zinauzwa kwa maboksi. Anayenunua anainua moja kwenye mwanga, anasoma jina la mlima na kimo chake. Pengine fremu ina mhuri wa mwezi na mwaka filamu ilipooshwa. Sasa, yule mama aliyesimama pale ni nani? Na mtoto aliyemshika mkono? Hakuna aliyeandika.

Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wajibu. Jiwe halijielezi, mpendwa. Lazima awepo mtu wa kusimulia. Watoto wako wanaiona picha ukutani, lakini je, wanajua mlikuwa mmevuka nini siku hiyo?

Zoezi la nyumbani: Jioni hii toa zile picha za zamani. Kwa penseli, nyuma yake, andika polepole: ni nani, ni wapi, mwaka gani, na Mungu aliwavusha wapi. Kama shosho bado yuko, anza na yeye. Usingoje Krismasi.