SOMO: GARI LA ZAMANI LISIPOWAKA, PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE



Alfajiri moja hapa Kibenga tulisukuma pikapu ya zamani, watu saba, na zamu inatungoja. Fundi mmoja akasema betri imekufa. Tukachanga fedha, tukanunua mpya. Kesho yake gari likagoma vilevile. Kosa lilikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu!

Iwe Peugeot 404 iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, au Toyota Corolla iliyoanza mwaka 1966, kanuni ni moja. Umeme hutoka katika betri, hufanya kazi, kisha lazima urudi. Hurudi kwa bodi ya gari na waya wa masi, yaani ule unaofunga betri na bodi. Penye kutu haupiti vizuri; na sisi tulio karibu na ziwa Tanganyika tunaujua unyevu.

Fuata hatua hizi:

1. Washa taa kubwa, kisha jaribu starta. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au viungo vyake vimelegea. Taa zikibaki na nguvu na starta iko kimya, tafuta kosa kwenye starta, waya zake au swichi.

2. Safisha vichwa vya betri kwa msasa. Fungua kwanza upande wa masi, na uufunge mwisho, spana isije ikatoa cheche.

3. Unganisha kichwa cha masi na chuma cha injini kwa kebo nene. Starta ikizunguka vizuri sasa, waya wa masi ndio mbovu.

4. Ukipata voltimita, pima. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka na ukikanyaga mafuta kidogo, ipande kufika kama 14. Isipopanda, kagua mkanda, kisha alteneta au dainamo.

ONYO: Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi. Hukatika ili waya zisiungue. Ukimwondoa mlinzi, gari laweza kushika moto na wenzako wamo ndani. Weka fyuzi ya ampea zilezile, kisha tafuta waya uliochubuka.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini betri mpya haikutusaidia?
2. Dereva akikuambia "waya unatosha" mahali pa fyuzi, utamjibu nini kabla ya kupanda?