Kukata na Kuunga Picha za Sinema

Sinema ni picha tuli zifuatanazo upesi, kwa desturi 24 kila sekunde. Fundi huzikata vipande na kuviunga, naye asipokuwa mwaminifu aweza kukudanganya. Karibu mwaka 1920, huko Urusi, Lev Kuleshov alitwaa picha ya uso mtulivu wa mchezaji mashuhuri, Ivan Mozzhukhin, akaiunga na bakuli la supu, kisha na jeneza. Yasimuliwa kwamba watazamaji walisema: hapa ana njaa, hapa ana majonzi. Kumbe uso ni ule ule! Siku hizi twatumia kompyuta badala ya mkasi, lakini kazi ni ile ile. Jaribu nawe kwa picha 3: mtoto acheka, nyoka atokea, mtoto alia. Sasa anza na ya kulia, umalize na ya kucheka. Mwoga amekuwa shujaa.