KOMPYUTA IKIANGUKA-ANGUKA, TUIPIME KAMA MGONJWA

Wandugu wafanyakazi, ninyi mama wa nyumbani, na vijana wa masomo,

Ukurasa huu umezoea kuwaeleza juu ya kofia, viatu, vumbi na malaria. Somo la leo ni juu ya kompyuta, ile tunayoita ordinatere. Labda utasema: "Hiyo ni kazi ya watu wa ofisi. Inaingia wapi katika afya yangu?" Sikiliza.

Mfanyakazi wa migodi hupigwa picha ya mapafu. Ugonjwa wa vumbi la mawe, yaani silikozi, hauji kwa siku moja. Mara nyingi unakuja polepole, miaka kumi na zaidi. Munganga anautambua vizuri akiweka picha ya leo kando ya picha ya zamani. Kama picha ya zamani ilikaa ndani ya kompyuta, na kompyuta imekufa nayo, munganga amebaki na jicho moja. Ni hivyo pia kwa chanjo za watoto, kwa daftari la wagonjwa wa kifua kikuu wanaomeza dawa miezi 6, na kwa hesabu ya dawa katika stoo. Mashine ikianguka, haianguki peke yake.

1. KUANGUKA NI NINI?

Kompyuta imeanguka pale inapogandama, inapojizima yenyewe, au inapoonyesha skrini ya buluu yenye maandishi na kuanza upya. Katika Windows 11, tangu mwaka 2025, skrini hiyo imegeuzwa kuwa nyeusi. Usiiogope. Mashine imejisimamisha ili isiandike uongo juu ya diski. Ni kama breki ya lifti ya mgodi inayojifunga yenyewe: inakukasirisha, lakini inakulinda. Kosa ni kuwasha tena na tena bila kusoma kilichoandikwa.

2. MAGONJWA YA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni ugonjwa wa mwili: diski, bareti za kumbukumbu, feni, betri, boksi la umeme.

Aina ya pili ni ugonjwa wa piloti. Piloti ni programu ndogo inayosimama kati ya kompyuta na kila chombo chake. Ni kama kapita kazini. Injiniya anatoa amri, kapita anaipeleka kwa wafanyakazi kwa lugha wanayoisikia. Mashine ya kuchapa ina kapita wake, skrini ina wake, sauti ina wake. Kapita mmoja akipeleka amri kombo, zamu nzima inasimama, hata kama wafanyakazi wote ni wazima.

Mfano mkubwa tuliuona tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani, CrowdStrike, inayouza programu za kulinda kompyuta, ilituma faili mpya yenye kasoro. Piloti yake ilipoisoma, Windows ikaanguka. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Ndege nyingi zilibaki chini. Kule Uingereza wanganga wengi wa mitaa hawakuweza kufungua habari za wagonjwa wao. Faili ilirekebishwa baada ya dakika 78 tu, lakini nyingi kati ya mashine zilizokwisha kuanguka zilingoja mtu azifikie moja moja na kufuta faili ile kwa mkono. Hakuna chuma kilichovunjika. Basi usikimbilie kununua mashine mpya kabla ya kumpima kapita.

3. MASWALI YA MUNGANGA

Mgonjwa akifika dispensere hatumpi sindano mlangoni. Tunamuuliza kwanza. Na kompyuta uiulize hivi, ukiandika majibu katika daftari:

– Ilianza kuanguka siku gani?
– Siku ile, au jana yake, ni kitu gani kilibadilika? Chombo kipya? Programu mpya? Mashine ilihamishwa?
– Inaanguka saa gani, na ikifanya kazi gani?
– Ujumbe wa skrini ni ule ule, au unabadilika? Piga picha kwa simu.

Swali la pili ndilo mama wa maswali yote.

4. DALILI NA SABABU

Ujumbe ni ule ule, na unataja jina linaloishia na .sys: shuku piloti kwanza, zaidi kama chombo kipya kimeingia juzi.

Ujumbe unabadilika kila mara, bila mpango: shuku bareti za kumbukumbu. Windows ina kipimo chake, "Diagnostic de mémoire Windows".

Mashine inakuwa nzito, faili zinapotea, diski inalia tiki-tiki: shuku diski. Hapa usichelewe hata siku moja.

Inajizima ghafla bila ujumbe, mchana wa joto: shuku vumbi na feni. Hapa Likasi, mwezi wa Oktoba, vumbi la kiangazi limejaa na joto limepanda. Feni iliyozibwa haipumui, sawa na mapafu ya mtu.

Inaanguka pale umeme unaporudi au grupu inapowashwa: shuku umeme wenyewe. Tia onduleri, kile chombo chenye betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

5. MATIBABU KWA UTARATIBU

Kwanza, okoa habari. Kama mashine bado inawaka, nakili faili za maana kabla ya kugusa kitu kingine. Ziwe nakala mbili, moja ikae jengo lingine. Kisha zifungue uone kama zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni kama kizimamoto kisichopimwa.

Pili, ondoa kilichoongezwa mwisho. Chomoa chombo kipya, uone.

Tatu, washa kwa njia ya usalama, "mode sans échec". Hapo mashine inaita makapita wachache tu, wale ambao kazi haiwezi kuanza bila wao. Ikikaa salama hapo siku nzima, shuka juu ya piloti au programu inazidi. Ikianguka hata hapo, uangalie mwili.

Nne, kama ni piloti, nenda "Gestionnaire de périphériques", chagua chombo, kisha "Restaurer le pilote", ili urudishe ile ya zamani iliyofanya kazi vizuri. Piloti mpya itoke kwa mwenye kutengeneza chombo, si kwa flashi ya njiani.

Tano, kama ni bareti, zijaribu moja moja.

Sheria ni moja: badilisha kitu kimoja tu, ungoje, uandike. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ipi imeponya. Na ikianguka tena kesho, utaanza mwanzo.

6. USALAMA WAKO KABLA YA MASHINE

– Chomoa waya kabla ya kufungua boksi la kompyuta.
– Boksi la umeme lililo ndani usilifungue kamwe. Hata baada ya kuchomolewa linabaki na umeme wa kutosha kukuumiza.
– Betri ya kompyuta ya mkononi iliyovimba usiitoboe, usiikandamize, usiichaji. Zima mashine, iweke mbali na vitu vinavyowaka na mbali na watoto, kisha umwite fundi. Betri nyingi za namna hii zina kobalti, ile ile tunayoitoa katika ardhi yetu; lakini mkononi mwa mtoto zinaweza kuwa moto.
– Vumbi lipulizwe nje, ukiwa umefunika pua na mdomo. Shika feni isizunguke.
– Radi ikianza kunguruma, chomoa yote, na waya wa intaneti pia.
– Diski yenye habari za wagonjwa isipelekwe kwa fundi wa mtaani bila ruhusa. Siri ya mgonjwa haitengenezwi pamoja na mashine.

KUMBUKA

Okoa habari. Uliza nini kimebadilika. Soma ujumbe. Badilisha kimoja kimoja. Andika.

Kwa vijana wa masomo, hili ndilo zoezi la nyumbani: mashine ya shule imeanguka mara tatu tangu Jumatatu, na mashine mpya ya kuchapa ilifungwa Jumapili. Ujumbe ni ule ule. Utaanza wapi? Jibu liko katika somo hili. Lisomeni pamoja na baba, na yeye naye akasaidie watu wa ofisi yake, ili picha ya mapafu yake ya leo munganga aione bado baada ya miaka kumi.