Chumba na sebule Songea, kazini kwa miguu

SWALI: Nimehamishiwa Songea mjini na sina usafiri. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, mahali ambapo soko na ofisi ni mwendo wa miguu. Dalali anataka kodi ya miezi sita. Nilipe?

JIBU: Usilipe kabla hujatembea. Anzia Majengo, Misufini na Mfaranyaki, kisha toka mlangoni hadi kazini kwa miguu, saa ileile utakayokuwa unakwenda, na urudi baada ya giza. Kwa dalali kila nyumba ni "hapo tu". Masika pia yana neno lake, na vichochoro vya udongo mwekundu huchagua viatu.

Ukifika kwenye nyumba, fungua bomba, usiishie kuliangalia. Uliza bili ya maji ya SOUWASA hugawanywaje. Kubwa zaidi ni LUKU: mita ni yako au ya wote? Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye umeme, nayo ni deni la mwenye nyumba. Mkataba useme atakurudishia au utakata kwenye pango, la sivyo utamlipia kimyakimya.

Miezi sita ni kawaida, lakini omba mitatu. Mwenye chumba kilichokaa wazi hulegea. Mkabidhi mwenye nyumba fedha, akupe risiti, mkiandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Dalali apewe chake baada ya ufunguo kuwa mkononi mwako. Na dirisha lifunge vizuri: Juni na Julai Songea haina utani na baridi.