Lori la Chama: Gia za Mkono au Otomatiki?

Ndugu wajumbe wa bodi za vyama vya msingi,

Msimu wa korosho ukaribiapo, vyama hukodi malori, na vyenye akiba hufikiria kununua lao. Wengi huuliza: tuchukue la gia za mkono au la otomatiki?

Katika gia za mkono, dereva hukanyaga klachi ili kuitenga injini na giaboksi, kisha huchagua gia. Otomatiki ya kawaida ya gari dogo haina kanyagio hilo. Nguvu za injini hupitia katika mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo maalumu, nayo giaboksi hujibadilishia gia. Malori mengi makubwa ya sasa ni namna ya tatu. Volvo ilipotoa I-Shift mwaka 2001, klachi na meno ya gia yalibakia ndani. Kompyuta na upepo ndivyo vilivyochukua kazi ya mguu na mkono wa dereva. Basi muuzaji akisema lori lake halina klachi ya kuisha, mwombeni alithibitishe neno hilo kwa maandishi.

Penye hatari hasa ni kwenye kushuka. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na ashukaye kuelekea Masasi hukuta mteremko mkali. Magunia 125 ya kilo 80 ni tani 10, mbali na uzito wa lori lenyewe. Uzito huo ukizuiwa kwa breki peke yake, breki hupata moto na kulegea. Kwa hiyo dereva huingiza gia ya chini kabla ya mteremko, ili injini ilishike gari. Otomatiki nyingi haziuoni mteremko ulio mbele. Dereva lazima aifunge gia ya chini kwa mkono wake.

Wapo madereva watelemkao kwa frii, wakidai wanaokoa dizeli. Si kweli: gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, na dizeli karibu haiingii kabisa. Kinachookolewa hapo sikijui, ila gharama yake huweza kuwa utingo na korosho za wanachama.

Kuhusu kununua: sahani ya klachi fundi wa hapa Magomeni huibadilisha. Kompyuta ya giaboksi huhitaji kipimo chake na mtu aliyefundishwa kukitumia. Ulizeni yuko wapi kabla ya kulipa. Na katika mkataba wa kukodi, andikeni wazi kwamba dereva haruhusiwi kushuka kwa frii.